Saa Yangu ya Ukutani na Jicho la Dani

Jumapili, saa tisa alasiri, Migori. Tangu asubuhi ni mawingu, na mpaka sasa jua halijaamua kama linatoka au linabaki huko liliko. Mimi nimeamua kubaki ndani. Simu nimeizima. Sitaki mtu anipigie aniulize Dani anaendeleaje.

Aibu imenishika mpaka masikio yanawaka.

Wanaosoma blogu hii wanaujua ukuta wangu wa sebuleni, ule niliopaka rangi ya haradali. Katikati kuna ile saa yenye umbo la jua. Kiini chake ni cha mbao nyeusi, na kutoka hapo miale ya shaba imetawanyika pande zote, mmoja mrefu, mmoja mfupi, na kila ncha imevishwa kipande cha mbao. Usoni haina namba hata moja, ni vijistari tu. Huo ndio mtindo wa miaka ya hamsini na sitini, wakati watu waliamini hata saa inaweza kuwa pambo. Niliipata Homa Bay, kwenye duka la zamani ambalo wenyewe walikuwa wanalifunga. Mashine yake ya ndani ilikuwa imekufa kitambo, kwa hivyo fundi wa hapa mjini akaniwekea mashine ya betri. Nimeiandikia makala tatu nzima hapa. Mwanamume mzima, kazi yangu kuuza vigae na rangi, na bado napangusa saa kwa pamba kila Jumapili.

Sasa niseme kitu ambacho sijawahi kusema. Ile saa haikuwa inatembea.

Tazama picha zangu zote. Ni saa nne na dakika kumi, asubuhi, mchana, wakati wa chai, hata ile ya Krismasi. Mishale ikikaa hivyo saa inakuwa kama inatabasamu, na miale inalingana pande zote mbili. Halafu ile mashine ya fundi ilikuwa inapiga kelele tik-tik-tik kwenye video zangu. Nikatoa betri. Msomaji mmoja aliwahi kuniuliza kama kwangu huwa ni saa nne daima, nikafuta swali lake. Nilijiambia ni mchokozi tu.

Basi, mwezi huu Dani akaja kwangu. Dani ni nyanya yangu, mama yake baba, wa kule Rangwe. Alikuwa amepasuliwa jicho la kulia Homa Bay kuondoa mtoto wa jicho, na la kushoto likapangiwa Jumanne hii inayokuja. Daktari alisema asikae kwenye moshi, na jiko la nyumbani ni la kuni. Kwangu kuna gesi, kuna vigae, hakuna vumbi. Mimi ndiye niliyejitolea kumchukua, na nikatangaza kwa ukoo mzima kwamba nimemchukua.

Lazima mjue huyu ni mtu wa aina gani. Dani alikuwa mpishi wa shule ya msingi miaka mingi, na yeye ndiye aliyekuwa anagonga kengele. Walimu walikuwa na saa zao mkononi, lakini mwalimu mkuu alimwamini Dani. Kusoma saa ndiyo sifa yake. Mama wengine wa rika lake wanajisifu kwa ng'ombe, yeye anajisifu kwamba hajawahi kuchelewesha mtoto chakula cha mchana hata dakika mbili.

Siku aliyofika alisimama mbele ya ule ukuta akaangalia kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande. Akaniuliza, "Nyakwara, mjukuu wangu, hii kitu ni saa?" Nikamwambia ni saa, Dani, tena si ya kawaida. Akauliza, "Na inatembea?"

Nikasema, "Inatembea vizuri sana."

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza tangu jana. Sikuwa na sababu yoyote isipokuwa majivuno. Nilikuwa nimetoka kumweleza ni ya mwaka gani, mbao ni gani, shaba ni gani, na sikutaka kumaliza kwa kusema imekufa.

Dawa yake ilikuwa matone mara nne kwa siku, kwa saa zake maalum. Mimi naondoka saa moja na nusu, narudi jioni. Simu yake ni kale kadogo ka vitufe, maandishi yake hayaoni. Kwa hivyo alikuwa anategemea ukuta wangu. Siku ya tatu, nikiwa nimeketi na picha zangu kwenye kompyuta, aliniuliza ni saa ngapi. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Si hiyo hapo ukutani, Dani?" Kesho yake akauliza tena, polepole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nikasema yale yale, na safari hii nikasonya.

Nilimsonya Dani.

Hakuuliza tena. Mimi nikafurahi kwamba ameizoea nyumba. Wueh, mtu anaweza kuwa mjinga ndani ya nyumba yake mwenyewe!

Jumatatu iliyopita ndipo aliponiambia hataki kupasuliwa jicho la pili. "Niache tu na hili moja," akasema. Nikapandwa na hasira. Nilimwambia ni mkaidi, nikamwambia watu wamehangaika kwa ajili yake, nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama yangu pia husoma blogu hii. Dani alinisikiliza tu, mikono imekunjwa juu ya leso.

Alhamisi nikirudi kazini, jirani yangu Mama Trizah akanisimamisha langoni. Alianza kwa kuzunguka, ati samahani, ati ameapishwa asiseme. Halafu akamwaga yote. Kumbe Dani alikuwa anaenda kwake mara nne kwa siku nikiwa kazini, anashika ukuta wa nje mpaka mlango wake, kuuliza saa ili atie dawa. Alikuwa amemwambia kwamba jicho limekataa. Sura za watu anaziona, mlango anauona, lakini akiangalia saa ya mjukuu wake anaona mishale imesimama mahali pamoja kila siku. "Anasema pengine anaona zile fimbo za shaba za pembeni, si mishale yenyewe," Mama Trizah akasema. "Anauliza, kama jicho halioni hata saa, hilo lingine apasuliwe la nini? Na anaogopa kukwambia, maanake mlimsaidia sana."

Nilisimama pale langoni na mfuko wa mkate mkononi. Nilimshukuru nikaingia ndani.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Dani alikuwa bafuni anaoga, nilikuwa na dakika kumi nzima za kupanga maneno. Badala yake nilipanda kiti, nikashusha saa, nikatia betri, nikalinganisha mishale na simu yangu, nikairudisha ukutani. Alipotoka nilikuwa nakata sukuma wiki jikoni kama mtu asiye na habari.

Ijumaa asubuhi nikamkuta amesimama mbele ya saa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni saa moja na robo?" Nikasema ndiyo. Akavuta kiti akaketi pale pale, akakodoa macho. Mimi najifunga viatu, namtazama kwa pembeni. Baadaye akapiga ukelele, "Imetembea! Nyakwara, imetembea! Ni saa moja na nusu kasoro dakika tano!" Akainuka akaanza kuimba wimbo wa kanisani na kupiga makofi, akanishika mikono tukazunguka meza. Alikuwa analia. Alisema jicho limefunguka, Mungu amemwona, na Jumanne atapasuliwa hilo la pili.

Nilijiambia ninamlinda. Si kweli. Nilikuwa najilinda mimi. Nilikuwa nimepata nilichotaka, amekubali kwenda hospitali, na hakuna aliyejua. Nilienda kazini nikiwa mwepesi kabisa, nikauza vigae vingi, nikacheka na wateja.

Jana ilikuwa Sabato. Dani alitaka kurudi Rangwe kanisani kwao, nikampeleka. Sikujua alikuwa amepanga kutoa ushuhuda. Alisimama na leso yake nyeupe, akawaeleza watu wote jinsi jicho lilivyokuwa limekufa majuma mawili, jinsi alivyojificha na aibu yake, na jinsi Ijumaa asubuhi Mungu alivyomfungulia akaona mshale wa saa ukitembea. Kanisa likaitika amina, amina. Kisha akaninyooshea kidole. Akasema, "Na huyu mjukuu wangu hakunichoka hata siku moja."

Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja mbele yangu akanipa mkono. Nami nikaupokea, jamani. Nilitabasamu nikaupokea. Natamani ningeugua ghafla pale pale nikatolewa nje.

Pengine ningekaa na siri hiyo maisha yangu yote, mimi najijua. Lakini tulipotoka nje Mzee Ondiek, aliyepasuliwa wiki moja na Dani, akaja kumsalimia. Jicho lake bado lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Akamwambia Dani ushuhuda wake umemtia nguvu. Ile dawa inamchoma, akasema, na keshokutwa aliambiwa arudi akaonwe na daktari, lakini sasa haendi. Ataacha dawa aombe, maanake amesikia kwa masikio yake. Dani akamshika bega akasema, "Omba, baba. Mimi nimeona."

Pale maneno yalinitoka yenyewe. Nikasema, "Mzee, usiache dawa. Ilikuwa betri."

Walinitazama wote wawili. Nikaeleza, palepale kwenye majani, mbele ya watu wengine wawili watatu waliokuwa wanasubiri kumsalimia Dani. Betri, picha, tik-tik, saa nne na dakika kumi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuyasikia maneno yangu mwenyewe, na hakuna kitu kinachosikika kibaya kama sababu zako mwenyewe ukizisema kwa sauti mbele ya wazee. Mzee Ondiek alikohoa, akasema basi ataenda hospitali, akaondoka zake. Wale wengine wakakumbuka kwamba wana safari.

Tukarudi nyumbani kwake. Tuliketi nyuma ya nyumba, yeye kwenye kiti, mimi kwenye kigoda. Mama Bella, mke wa baba yangu mdogo, alikuwa anaandaa chakula ndani.

"Kwa hivyo jicho langu lilikuwa zima," Dani akasema.

"Lilikuwa zima, Dani. Tangu siku ya kwanza."

"Niliona vizuri. Ilikuwa imesimama, na mimi nikaona imesimama." "Nilikuuliza ukasema inatembea. Ningefanya nini? Ningesema mjukuu wangu anadanganya? Niliona ni afadhali jicho ndilo lidanganye."

Hakupaza sauti. Angenichapa kofi ningeshukuru. Nilimwomba msamaha, nikapiga magoti kabisa kwenye vumbi na suruali ya kanisani. Akasema amenisamehe, na najua amenisamehe kweli, yeye si mtu wa kuweka kinyongo. Akasema pia kwamba Sabato ijayo atasimama tena awaambie watu ukweli, na mimi nitakuwepo. Hakuniuliza kama nina nafasi. Nitakuwepo.

Halafu akaniangalia, lile jicho jipya likiwa wazi kabisa, angavu kama la msichana.

"Hiyo shati yako ni ya bluu?" akaniuliza.

Nikafurahi. Nilidhani tumemaliza, tumerudi kwenye mazungumzo ya kawaida. Nikasema, "Ndiyo Dani, ni ya bluu."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akageukia mlango wa jikoni akaita, "Mama Bella! Shati ya huyu ni rangi gani?"

"Bluu, Mama!" Mama Bella akajibu kutoka ndani.

"Haya," Dani akasema, na ndipo akaamini.

Nimerudi Migori leo asubuhi peke yangu. Jumanne nitatoka mapema nikampeleke Homa Bay, nimeshaomba ruhusa kazini. Hospitali ile ina ngazi nyingi, na mara ya kwanza alipanda akiwa amenishika mkono huku namwambia, hapa panda, hapa tambarare. Safari hii Mama Bella amesema atakuja pia. Dani ndiye aliyemwomba.