Veikka hakumbuki bao lake

Riikka, niko hospitali. Mimi mzima, usiogope.

Ni Veikka, yule mshambuliaji wa hoki ya barafuni wa miaka kumi na minane niliyetumwa kumpima kama anaweza kucheza na timu ya wakubwa. Leo mchana kafunga mawili! Kisha beki mmoja akambamiza kichwa kwenye ukuta wa uwanja. Akainuka kwenye barafu, akaendelea, watu wakashangilia.

Mechi ilipoisha nikamuuliza, "Lile bao la pili ulilifungaje?"

"Bao gani, dada?"

Bao gani! Riikka, kalifunga mwenyewe!

Kocha Tarmo, mkataba mkononi, akaninong'oneza, "Andika yuko tayari. Kesho kichwa kitakuwa kimetulia."

Nikaandika hayuko tayari. Tarmo akaniita mwoga mbele ya timu nzima. Baba yake Veikka akanifokea, "Umemharibia mwanangu maisha!"

Hata hivyo nikampakia kijana garini, baba akaingia nyuma akiwa bado anafoka.

Sasa hivi daktari katoka. Damu inavuja ndani ya kichwa, wanampasua.

Baba akamuuliza, "Atacheza lini?"

"Kwanza aamke," daktari akasema.

Riikka, huyo baba kakaa kando yangu. Kanishika mkono, haniachii.