Mlango wa Boksi

Nyalenda, Kisumu
10 Februari 2025

Mpendwa binti yangu Debra,

Uniwie radhi kwa kunyamaza tangu Novemba. Sikuwa mgonjwa. Magoti yananisumbua kama kawaida, na shangazi yako Maryanne ni mzima, anakusalimu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kukuandikia habari njema, nami sina.

Lile jengo la maji ambalo ofisi yenu ilitujengea halitumiki. Watu wanateka maji bombani, lakini mabafu ni makavu na kuku wanalala juu ya meza za kufulia. Wanawake wanaoga nyumbani kwenye beseni na kufua mtoni, katika maji yale yale machafu uliyotaka wayaache. Nimewauliza sababu. Wanajibu, "Ni sawa tu, mwalimu." Nusu yao nimewafundisha darasani, na ninajua sauti ya mtu anayeficha jibu kwa kunistahi.

Ni mimi niliyewaita kwenye warsha yako pale kanisani. Ni mimi niliyewapanga kwa ploti zao, wapangaji wa ua mmoja pamoja, kisha nikakaa kiti cha mbele. Ikiwa kosa lilianzia hapo, niambie.

Baba yako


Nairobi
24 Februari 2025

Baba mpendwa,

Habari ya huko? Mimi sijambo, ila kazi ni nyingi. Tafadhali usiache kupaka ile dawa ya magoti.

Baba, barua yako imenikosesha usingizi, lakini sioni kosa liko wapi. Hatukuja na ramani iliyochorwa Nairobi. Tuliwapa watu maboksi, makasi na gundi, wakatengeneza mfano wa jengo kwa mikono yao. Walisogeza bomba, wakasogeza mabafu, na mwishoni kila mtu aliinua mkono. Nina picha. Hata mkono wa jirani yako, Mama Nakhumicha, uko juu.

Kwa sababu ya picha hizo, mkubwa wangu, Griffins, ameamua jengo kama hilo lijengwe Otonglo kuanzia Mei. Kule wanawake wanavuka barabara kuu wakiwa na mitungi kichwani. Nikisema leo kwamba Nyalenda hawalitaki, Otonglo watangoja mwaka mwingine. Tafadhali uliza tena. Labda ni ufunguo tu, au usafi. Jambo dogo tutalirekebisha.

Mwanao


Nyalenda
6 Machi 2025

Binti yangu Debra,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea vyema, ingawa mvua imeanza na paa la jikoni linavuja.

Niliuliza tena, nikajibiwa kwamba ni sawa. Basi nikaenda kwa shangazi yako, ambaye hajawahi kunistahi. Alikuwa akichambua dagaa wa omena, wala hakuinua kichwa.

"Owiti," akasema, "mama mkwe wako, Mungu amrehemu, uliwahi kumwona akitoka bafuni amejifunga leso?"

Nikamwambia asinitukane.

"Uliwahi hata kula naye meza moja?"

"Hapana."

"Na bafu la wanawake mlilojenga, mlango unaangalia wapi?"

Unaangalia mlango wa wanaume, Debra. Katikati kuna ua mmoja na meza za kufulia. Mama Nakhumicha anaishi ploti moja na Laban, aliyemwoa bintiye. Akitoka kuoga, atamkuta mkwewe pale anafua shati. Ndivyo ilivyo kwa nusu ya wanawake wa mtaa huu.

Nikauliza, "Mbona hakusema siku ile?"

"Angesema nini? Ulimketisha bega kwa bega na Laban. Aseme mbele yake kwamba ana haya ya kuoga? Halafu wewe uko pale mbele, unataka mikono juu. Tuliinua ili twende nyumbani."

Niliwapanga kwa ploti kwa sababu napenda utaratibu. Mila hii ya mkwe kujitenga na mama mkwe wake mimi mwenyewe niliishika hadi bibi yako mzaa mama alipozikwa, lakini siku ile haikunijia akilini. Nimepita mbele ya mlango wa Mama Nakhumicha mara kadhaa wiki hii. Ananisalimu kwa heshima, nami nashindwa kumtazama usoni.

Baba yako


Nairobi
2 Aprili 2025

Baba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Natumaini paa limezibwa. Mimi ni mzima wa mwili.

Usijibebeshe hili peke yako. Nilipoisoma barua yako nilikumbuka jambo. Siku ile ya warsha, kila nilipozunguka meza, kibanda kidogo cha boksi, kile cha bafu la wanawake, kilikuwa kimegeuzwa mlango ukaangalia ukuta. Nilidhani mtu amekigusa kwa kiwiko. Nilikirudisha. Nikakikuta kimegeuka tena, na Mama Nakhumicha ameketi mbele yake, mikono mapajani, anatazama chini. Saa zilikuwa zinaenda. Nikachukua gundi, nikakibandika. Naye akanitazama tu, Baba, akatabasamu.

Aliniambia kwa njia pekee aliyokuwa nayo, nami nikapaka gundi.

Nimemweleza Griffins yote. Amesimamisha kazi ya Otonglo. Amenipa hadi mwisho wa Mei nimletee mpango ambao wanawake wenyewe wameukubali kwa kweli. Ukikosekana, fedha zitapelekwa kaunti nyingine. Mwenyekiti wa kina mama wa Otonglo, Mama Elsie, alinipigia simu. "Dada," akasema, "sasa badala ya maji, sisi tutapikia heshima ya wakwe wa Nyalenda?"

Nimeutuma ule mfano kwa basi. Nimeibandua gundi. Wape wanawake wa Nyalenda, wakutane peke yao na wenzao wa Otonglo. Ninaona vigumu kumwambia baba yangu neno hili: tafadhali usiingie.

Mwanao


Nyalenda
26 Aprili 2025

Binti yangu Debra,

Nakusalimu. Magoti yamepata nafuu, na paa limezibwa.

Boksi lilifika likiwa limebonyea upande mmoja. Nililibeba mwenyewe hadi kanisani leo asubuhi. Shangazi yako alilipokea mlangoni.

"Umeleta na kiti chako cha mbele?" akaniuliza.

Nikamwambia sikukileta. Akafunga mlango.

Mama Elsie amekuja kutoka Otonglo na wenzake wawili. Kutoka nje nilimsikia akisema kwa sauti kwamba yeye hana mkwe, ana kiu. Baadaye Mama Nakhumicha alianza kuongea. Katika miaka yote ambayo tumekuwa majirani, sijapata kumsikia akiongea kwa muda mrefu vile. Sikusogea karibu nisikie maneno. Nilikuwa nimezoea kuwauliza watu na kuwajibia, nikaita hayo mazungumzo.

Ninaandika nikiwa kwenye benchi ya duka lililo ng'ambo ya barabara. Laban na wanaume wengine wamekaa hapa pia, wanajifanya wanatazama mpira. Saa za chakula zimepita na hakuna aliyetoka. Huenda wakageuza milango, huenda wakataka jengo livunjwe, huenda wasikubaliane, na watu wa Otonglo wakakosa maji. Sitawauliza. Wakishaamua na kuniambia kwa hiari yao, nitakuandikia, neno kwa neno kama watakavyolisema.

Baba yako