Walioahidi Kutuombea Wakachukua Sufuria

Makanya, Same
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu mpendwa Tumaini,

Shikamoo dada. Natumai kile kifua chako kimepata nafuu licha ya baridi ya Njombe. Mama je, goti lake? Huku mvua imetunyima, mahindi yamejikunja, ila mimi ni mzima wa mwili. Mke wangu Nankondo ndiye si mzima. Amelazwa hospitali, mimba ya miezi saba, na damu inamtoka. Daktari amemkataza hata kuketi.

Sasa nisikilize, maana nimejaa. Jumapili ile kabla ya kumpeleka, nilisimama kanisani nikaomba tuombewe. Unanijua, mimi si mtu wa kuombaomba. Nilikuja huku kukata mkonge kwa panga la kuazima, leo ni fundi mwashi mwenye nyumba ya matofali. Lakini hili si jambo la mwiko na pimamaji. Nje ya kanisa watu thelathini na mmoja walinipa mkono. Nilihesabu. Kila mmoja: "Tutawaombea, fundi." Wa kwanza alikuwa Mzee Elifasi, mzee wa kanisa, ambaye pia ndiye msimamizi wa msaragambo.

Msaragambo ni kazi ya pamoja ya Wapare. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu. Asiyetokea bila sababu, wanaingia kwake wanachukua chombo mpaka alipe faini. Desturi nzuri, sina ugomvi nayo, ujamaa wenyewe uliikuta hapa. Wiki hiyo walikuwa wanazoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Mimi niko hospitali. Niliporudi kuchukua khanga za mgonjwa, sufuria kubwa haipo jikoni. Jirani akacheka, akiniita kwa kabila letu:

"Msaragambo umekula sufuria yako, Mbena! Mzee Elifasi aliuliza, 'Huyu fundi amejificha wapi?' Watu wakanyamaza. Wakaja wakabeba."

Dada, sikuumia kwa sufuria. Piga hesabu mwenyewe. Kama hata mmoja kati ya wale thelathini na mmoja angepiga goti mara moja kwa ajili yetu, angekumbuka tulipo.

Nikaenda kwa Mzee Elifasi vilevile na vumbi langu.

"Shikamoo mzee. Nimefuata sufuria."

"Marahaba. Umeleta faini?"

"Nimeleta swali. Mke wangu mnamwombea kwa jina gani?"

Akageuka kutazama zizi la ng'ombe. Mkewe akapaza sauti kutoka jikoni, "Mjibu mtu, baba Eliya!"

"Nilisema kweli nitaomba, fundi," akasema taratibu. "Nikafika nyumbani, ng'ombe hawajanyweshwa, ikapita."

Akaitoa sufuria mwenyewe. Akauliza jina, akalirudia kama anayejifunza: Nankondo, Nankondo. Tukapiga magoti pale uani, kuku wakipita katikati yetu. Tulipoinuka hakuniachia mkono. "Nawe niombee Eliya wangu. Yuko jeshini mpakani, haandiki." Mdomo wangu ukajibu kabla sijaushika: "Nitamwombea."

Basi nimejifunga. Kila jioni kando ya kitanda namtaja Eliya, na moyo hautaki. Kinyongo na baba yake hakijaisha. Jana Nankondo akaniambia, "Unamwombea mtoto wa watu kama unayemdai." Nikaanza upya. Sitaacha, kwa sababu nilisema. Damu bado haijakatika.

Nisalimie mama, shemeji na cherehani yake, na mjomba mwinjilisti. Mwambie Walutheri wa huku wanaimba vizuri sana.

Nawe dada, usiniandikie "tunawaombea" kwa kujazia mwisho wa karatasi. Mkishindwa, niambie mmeshindwa, sitakasirika. Mkiweza, mama yake anaitwa Nankondo. Mtoto bado hana jina. Mtajeni tu kuwa ni wa kwetu.

Ni mimi mdogo wako, ninayerudi wodini sasa hivi,
Lameki