Kikaango cha Wifi Yangu

Ijumaa. Unyevu leo umezidi, hata vioo vya madirisha vinatoka jasho. Lakini moyo wangu mwepesi, alhamdulillahi, na nataka kuandika kabla sijalala.

Tangu kaka yangu Salim amlete mkewe, Loretta, kutoka Georgia, kule kusini mwa Marekani, nyumba yetu imepoa. Bi harusi hali chakula. Anauchokoachokoa wali, anatabasamu, anarudi chumbani. Jana Salim aliniambia kwamba mkewe anataka kurudi kwao.

Mama hajui hilo, lakini anaumia. Anampenda kwa namna anayoijua yeye: kila Loretta akichungulia jikoni, humshika mkono na kumrudisha sebuleni. "Kaa, mwanangu. Bi harusi haingii jikoni." Kwetu hiyo ni heshima kubwa.

Basi leo nikaamua kumpikia chakula alicholelewa nacho kwa bibi yake: uji mzito wa mahindi ya chenga, wa chumvi na siagi, wanaouita grits, pamoja na mboga za majani zilizochemshwa mpaka zikalegea. Chenga na mboga nilizipata sokoni Ruwi. Mboga hizo kwao hutiwa nguruwe wa moshi. Mimi nikatia papa mkavu wa pwani ya Qurayyat, nikamwachia Mungu.

Uji ulipoiva nikapunguza moto, nikaenda kuswali Magharibi.

Niliporudi, mama alikuwa ameshasonga ugali.

"Nimekuokoa," akasema, mwiko mkononi. "Nani anampa bi harusi uji wakati wa chakula? Kwani mgonjwa huyu?" Katia unga, kausonga mpaka umesimama.

Nililia. Sikuona haya, nililia palepale, na Loretta akanisikia, akaja mlangoni. Akautazama ule ugali.

Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

Akaniambia kwa Kiingereza kwamba bibi yake alikuwa akibakisha grits makusudi zigande, kisha asubuhi anazikata vipande na kuzikaanga. Akakimbilia chumbani, akarudi na kikaango cha chuma, cheusi, kizito kama jiwe. Cha marehemu bibi yake. Alikibeba safari nzima akitumaini kupika pamoja nasi. Mama alipomtoa jikoni siku ya kwanza, akajua hatakiwi, akakiacha sandukuni.

Hivi kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza?

Nikamfasiria mama yote, na la kutaka kurudi kwao pia. Mama akainamisha kichwa. Kisha akasogea pembeni ya jiko.

"Mwambie aje," akasema. "Samli nnayo."

Wakaukata ule ugali vipande, wakaukaanga pamoja, kila mmoja kwa lugha yake, wakigombania kijiko. Loretta akala, akaongeza, akafuta mchuzi wa mboga kwa kipande cha mwisho. Alipouliza ni samaki gani mtamu hivi, nilimjibu baada ya yeye kumaliza kula. Salim hakula kitu cha maana. Alikuwa anamtazama mkewe tu.

Sasa hivi nimetoka jikoni kuzima taa. Ule msumari mkubwa juu ya jiko ni wa kikaango cha mama, na sisi wanawe hatukuwahi kuthubutu kutundika kitu pale. Nimekikuta kikaango cha mama kimewekwa juu ya friji.

Cha Loretta ndicho kilichotundikwa.