Kimya cha Darasa la Tatu

Jumatatu, 22 Septemba

Subira kaamka kabla ya jogoo. Meno tena. Nimemnyonyesha huku nafunga vifungo kwa mkono mmoja. Mama akamchukua, akasema nenda, mwalimu gani anachelewa kuliko watoto. Nimetembea kutoka Rusimbi mpaka shuleni, huku chini ziwani, kichwa kizito kama nimebeba ndoo.

Darasa la Tatu wametulia. Wiki ya pili sasa. Naongea kwa sauti ya chini na wao wananitazama tu. Hakuna anayeropoka. Hakuna anayepigana.

Nashukuru. Kwa usingizi nilio nao, wangenishinda.

Jioni nimefua nepi. Nimeandika andalio la somo Subira akivuta kalamu.

Jumatano, 24 Septemba

Mkufunzi Msabaha kaja kutoka chuoni bila taarifa. Kakaa nyuma na karatasi zake.

Huyu ndiye aliyeniona nikilia. Chuoni tulifundishana sisi kwa sisi: mmoja mwalimu, wengine watoto watukutu. Mkufunzi alitugawia utundu kama anagawa chaki. Wewe mropokaji. Wewe mchokozi. Wewe kila mara unaomba kwenda chooni. Festo alipewa utundu wote, akalia kama paka chini ya dawati. Mwalimu nilikuwa mimi. Nilitokwa na machozi ya kweli mbele ya watu wazima. Mkufunzi aliandika: hawezi kudhibiti darasa.

Leo hisabati ilikwenda kama maji. Kasoro moja tu. Mapendo, yule binti mwembamba wa dawati la mbele, alisinzia. Nilimgusa kichwa, akainuka, akasema samahani Madam. Basi.

Mkufunzi kaniambia nje, "Edina, leo nimeona mwalimu." Sikujua niweke mikono wapi.

Atarudi mara moja tu. Hiyo ya pili ndiyo inayoamua. Nikianguka, narudia mazoezi ya kufundisha mwakani. Na mwakani nani atakaa na Subira? Mama kaacha nyumba yake Mwandiga kwa ajili yangu, na mvua zikianza lazima arudi kupanda. Baba wa mtoto yuko Tabora. Simu anapokea akipenda.

Lakini leo nimefurahi. Niandike hivyo. Nimefurahi.

Ijumaa, 26 Septemba

Festo kaja kunitazama. Kaagizwa na mkufunzi! Yeye anafundisha shule ya Katubuka, kule juu, na darasa lake halimpi nafasi hata ya kuandika tarehe ubaoni. Alikaa nyuma mdomo wazi.

"Dada Edina, hawa umewapa nini? Umewachanja?"

Nikamweleza. Sauti ya chini, macho kwa macho, usiwakimbize. Nilizungumza kama nimezaliwa na chaki mkononi. Alikuwa anaandika. Mimi nasema, mtu anaandika.

Mwalimu Zuhura, mwenye darasa hili, alikuwa dirishani anasikiliza. Alitabasamu, akaenda zake kunywa chai. Sijui tabasamu la nini.

Mapendo alisinzia tena. Na wengine wawili watatu. Nilipokusanya madaftari niliona mikono yake ina magamba ya dagaa, madogo, yanang'aa. Nikamwambia kesho uoge vizuri. Akasema ndiyo Madam.

Alhamisi, 2 Oktoba

Sielewi.

Leo darasa limejaa. Wamo niliozoea kuwawekea alama ya kutokuwepo. Shabani ni nani? Ndiye huyu, mnene, ana sauti ya mpiga debe. Kabla sijamaliza kuandika ubaoni, alishampa jirani yake kofi la kisogo na kurudishiwa mawili.

Nikashusha sauti. Nayo sauti ikazama. Hakuna aliyejua kama nimesema kitu.

Labda ni joto.

Subira kalala kifuani mwangu bila kubadilishwa nguo. Na mimi hivyo hivyo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Siku mbaya. Naandika upesi ili nimalize.

Nilikuwa naandika kugawanya ubaoni. Nyuma yangu kicheko. Nikageuka, kimya. Nikaandika, kicheko. Nikageuka ghafla nikamkuta Mapendo kasimama katikati ya madawati. Mapendo! Yule wa usingizi. Anatembea mabega yameanguka, mkono mmoja kiunoni kama amebeba mtoto ambaye hayupo, anasema kwa sauti ya puani, "Haya watoto wanguuu, taratibuuu." Ni mimi. Ni mimi kabisa. Hata namna ninavyofunga macho nikichoka, anayo.

Darasa likaanguka. Shabani alilala chini kwa kucheka.

Fimbo ya Mwalimu Zuhura inakaa juu ya kabati. Chuoni tumeambiwa sisi wa mazoezi tusiiguse. Sikumbuki nilivyofika kabatini. Nakumbuka mkono wangu uko juu na Mapendo kajikunyata, mikono kichwani, amekwishajikinga kama mtoto anayeijua fimbo.

Sikupiga. Nimeirudisha. Lakini mkono ulishapanda, na yeye kauona.

Nimeuchukia mkono wangu siku nzima. Jioni Subira kaung'ang'ania kama kawaida, hana habari.

Mkufunzi anarudi Jumanne.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mama kataka dagaa wabichi kabla hajarudi Mwandiga. Nikashuka mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, na kikapu, Subira mgongoni. Mchanga mtupu. Mahali ambapo huwezi kukanyaga kwa dagaa walioanikwa, leo mitumbwi imepangwa imelala, wanaume wanashona nyavu, wanacheza bao.

Dada mmoja akanicheka, "Mama Subira nawe! Mbalamwezi hii, dagaa utampata wapi? Kamulike na tochi."

Mbalamwezi. Jambo hili nalijua. Nani Kigoma hii asiyelijua? Taa za wavuvi zinavuta dagaa kwenye giza, mwezi ukijaa taa hazina kazi, watu wanapumzika. Mwandiga tunalijua kwa sufuria: wiki fulani dagaa wapo, wiki fulani tunakula maharage. Basi. Sikuwahi kuuliza wiki za dagaa zinabebwa na nani.

Mabinti walikuwa wanacheza rede mchangani. Mmoja anakwepa mpira kama samaki, hashikiki. Mapendo. Aliponiona akasimama. Nikafikiri atakimbia. Akaja, pole pole.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Kumbe una mbio hivyo?"

"Sasa si tumelala, Madam." Alisema kama ananieleza kitu cha wazi. Kwenye giza mitumbwi inarudi alfajiri. Yeye na mama yake wanaingojea, wanapokea, wanaanika, wanafukuza kunguru, kisha shule. Wale wasiokuja ndio wanaobaki kugeuza dagaa juani. "Ikija mbalamwezi tunalala mpakaaa asubuhi." Akanyoosha neno hilo mpaka likawa refu kama usiku wenyewe.

Nikamwambia jana nilikosea kuinua fimbo. Akatazama miguu yake. Kisha akauliza kama anaweza kumbeba mtoto. Nikampa. Alimbeba kiunoni, mabega chini, kama mimi. Kumbe hakuwa anadhihaki tu. Alikuwa ananitazama siku zote zile, kwenye usingizi wake.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri.

Wale niliowatuliza walikuwa wamechoka. Sikutuliza mtu. Na nilimfundisha Festo wa watu sauti ya chini!

Chuoni tulijifunza utundu wote. Hakuna aliyepewa karatasi iliyoandikwa: wewe umelala. Ingekuwa rahisi, hasumbui mtu.

Kibaya zaidi, niandike, hakuna anayesoma humu. Niliupenda usingizi wao. Ulinifaa. Mimi nisiyelala nilimwona mtoto asiyelala, nikafurahi kwamba hanisumbui. Nikamwambia akaoge.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemwambia Mwalimu Zuhura. Kacheka mpaka miwani imeanguka.

"Mwanangu, kila mwaka mnakuja. Mkiangukia kwenye giza, mnajiona maprofesa. Mkiangukia kwenye mbalamwezi, mnaomba uhamisho."

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Ulikuwa umefurahi mno. Ningekuambia nini?"

Nikamkasirikia kidogo. Kisha nikamwomba nitumie vipindi vyake vya mwisho, nijaribu kuwaachia watoto chaki. Kakubali. Tumejaribu. Ilikuwa fujo tupu. Lakini fujo yenye mguu mmoja wa kusimamia.

Mama kaanza kukunja kanga zake. Milima ya Kongo ng'ambo ina mawingu. Anayatazama kama mtu anayeitwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Imepita.

Mkufunzi kakaa nyuma. Darasa limejaa, kelele tangu mlangoni. Nikasalimia, wakaitikia kwa nguvu mpaka kunguru wakaruka kwenye bati. Nikaandika hesabu moja ya kugawanya. Nikamwita Mapendo, nikampa chaki.

"Leo Madam ni wewe."

Nikaenda kukaa kwenye dawati lake, kando ya Shabani. Mkufunzi akashusha kalamu.

Mapendo akaweka mkono kiunoni. "Haya watoto wanguuu." Kicheko. Akaanza kugawanya. Hapo nikaanza kazi niliyoiona chuoni. Nikamchokoza Shabani kwa rula. Nikaropoka jibu la uongo. Nikaomba kwenda chooni. Nikaomba tena. Nikalia kama paka. Nilikuwa mtukutu kuliko Festo.

Mwanzo walifurahi. Halafu hesabu ikafika patamu, wakataka kusikia, mimi nawazuia. "Madam, nyamaza!" Shabani huyo, tena kwa uchungu. "Hatumsikii Mapendo!" Mwingine akasema, "Anyooshe mkono kama ana neno." Mapendo akanitazama, akafunga macho kama ninavyoyafunga mimi. "Wewe wa pale. Nimechoka na wewe."

Nikasimama. Nikawauliza mtu wa namna hii tumfanyeje. Wakasema wao. Tukaandika pembeni ya ubao maneno yao. Nikachukua chaki yangu, na sasa sikushusha sauti. Nilitumia sauti yangu yote. Wakafanya hesabu kwa makundi, wakibishana. Shabani alisahau mara mbili, nikamwonyesha ubao tu kwa kidole. Mara ya tatu nikamsimamisha nyuma mpaka akamaliza hesabu zake. Alimaliza. Kelele zilikuwepo. Zilikuwa kelele za kugawanya.

Nje mkufunzi kafunga karatasi zake polepole.

"Edina, wiki ile darasa lilikuwa kimya. Leo kumetokea nini?"

Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Wiki ile walikuwa wamelala, Mkufunzi. Sikuwadhibiti. Walikuwa wametoka kuanika dagaa."

Katazama ziwani, halafu karatasi ya ile mara ya kwanza, ya siku aliyoniambia ameona mwalimu. Kuna alama alizozikata leo. Alama za leo ni chini ya zile. Udhibiti wa darasa: wastani. Umepita, kasema. Na akaongeza, kwa sauti kama haniambii mimi, kwamba ana madarasa mengine ya mwaloni ya kurudi kuyatazama.

Nimepita. Nimemwambia Subira sikioni. Kanipiga kofi la shavu, kafurahi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama kaondoka na Subira. Tumekubaliana: akae naye Mwandiga mpaka nimalize mazoezi. Tone la mvua lilianguka wakati gari linaondoka, Mama akaninyooshea kidole angani kama amelileta yeye.

Nilidhani nitalala siku mbili mfululizo. Nimeamka alfajiri, matiti yanauma, nyumba kimya.

Kimya hiki nacho sikipendi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Giza limerudi. Tangu wiki iliyopita taa zinaonekana ziwani.

Leo Darasa la Tatu wametulia. Madawati mengine wazi. Shabani hayupo, yuko juani anageuza dagaa. Mwalimu Zuhura alinikubalia tuhamishe hisabati baada ya uji. Kipindi cha kwanza nikawaambia wekeni vichwa mezani. Hawakuamini. Nikarudia. Wakalala, karibu wote kwa pamoja, kama taa zilizozimwa.

Nikakaa nikawalinda. Manyunyu kwenye bati. Mapendo mate yanamtoka juu ya daftari, magamba yamekauka kifundoni. Sikumwambia akaoge. Nilitamani kuwaacha mpaka mchana. Lakini kugawanya hakutakuja kuwasubiri mwaloni.

Wakanywa uji. Tukarudi. Alisinzia tena. Nikamgusa kichwa.

"Mapendo. Amka, mwanangu. Tunagawanya."

Akainua uso, macho nusu, akasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Haya. Taratibu."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamechoka. Nimecheka peke yangu, kidogo, nikampa chaki.

Kesho nitapita kwa mama yake Shabani.