Spika za Baba Hazijafa

Jumamosi, Tlawi. Ukungu haujainuka tangu asubuhi na nimevaa sweta mbili, lakini leo sitalalamikia baridi. Leo nina kiburi, na sitaki mtu aniondolee.

Baba alifariki mwaka juzi. Nilipopangiwa kufundisha huku nilitoka Tabora na vitu vyake viwili tu: spika zake za mbao, kubwa kama makabati, na kanda ya kwaya aliyokuwa akiifundisha. Tangu nifike sikuwahi kuisikiliza vizuri hata siku moja. Amplifaya niliyonunua Mbulu mjini ilipiga dakika kumi, ikachemka, ikakata.

Fundi wa mjini, mzee ninayemwamkia shikamoo kwa moyo mmoja, alizigonga spika kwa kidole akatoa hukumu. "Madam, hizi zimekufa. Ziache hapa, uchukue sabufa kama wenzako."

Nikazipandisha kwenye bodaboda nikarudi nazo.

Sasa niungame. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kidato cha tatu nawahubiria habari za ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme, mpaka wanasinzia, kumbe nyumbani sikuwahi kuigeuza ile amplifaya nikasoma maandishi ya mgongoni.

Alhamisi niliazima mita ya maabara. Kila spika ilisoma ohm tatu na kitu, maana yake ni spika za ohm nne, kwani mita husoma pungufu kidogo. Iliyokufa isingesoma chochote. Nyuma ya amplifaya wameandika: ohm nane, isipungue. Miezi mitano nimeibebesha mzigo wa kuvuta umeme mara mbili ya ule inaoweza kuutoa, halafu nalaumu spika za marehemu.

Niliona aibu peke yangu, mita mkononi.

Jana nimepata Katesh amplifaya kuukuu inayokubali ohm nne. Wati arobaini tu. Nilipita kwa fundi nikamwonyesha, akacheka mpaka akavua miwani. "Arobaini? Hiyo labda uangulie vifaranga." Chumba changu ni kidogo, na sikuwa natafuta kelele.

Leo nimefunga waya mwenyewe, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Jirani yangu Mama Paskali alikuja na kitambaa alichofuma kwa mkono wake, cheupe, cha kufunika chombo kipya. Huku hakuna redio wala friji inayokaa uchi. Nilimshukuru nikakitandika juu ya spika, nikamweleza kwamba amplifaya ikifunikwa inachemka. Alinuna kidogo. "Hata mgeni tunamvisha," akasema, akakaa.

Nikaweka kanda kwenye redio yangu ndogo ya kaseti, niliyoiunganisha na amplifaya.

Saa nzima ikapita. Nilishika kifuniko cha amplifaya, kilikuwa vuguvugu tu. Lakini kilichonikalisha chini kilitokea mwanzoni kabisa, kabla ya wimbo wa kwanza. Kwenye spika ya redio yenyewe sehemu hiyo ilikuwa mkwaruzo mtupu. Leo nimesikia mtu akikohoa, kisha akisema polepole, "Sauti ya tatu, msikimbie."

Mama Paskali akauliza ni nani huyo.

Baba yangu, nikamwambia. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Sabufa sinunui. Jumatatu nitapita kwa fundi, nimwamkie shikamoo kama kawaida, nimkaribishe chai nyumbani kwangu. Nitamkalisha katikati ya zile spika zilizokufa, niwashe kanda.