Brigand ya Milango Minne

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Siamini. Nimefika nyumbani, nimekaa na koti mwilini, bado siamini.

Mkutano wa leo kazini ulikuwa wa kutangaziwa jina la gari jipya la kampuni yetu — lile la milango minne ambalo mwaka mzima tumeliita kwa namba. Nilitegemea jina la kubuni, moja ya yale yanayosikika kama dawa ya kikohozi. Craig, bosi wangu, akafunua bango. Brigand.

Chumba kizima kikapiga makofi. Mimi mikono iliniganda mapajani.

Brigand! Ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1971. Milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini inayotetemesha madirisha ya majirani. Jina lenyewe maana yake jambazi wa barabarani. Na hili letu? Gari la mhasibu. Gari la mtu anayefunga mkanda kabla hajawasha.

Craig akanigeukia mbele ya wote. Vernita, si mzee wako anayo moja? Atafurahi huyo.

Nikasema ndiyo, anayo. Sikuweza kusema zaidi. Ni siri mpaka maonyesho ya magari ya Januari, na sote tumetia sahihi. Nisimwambie mtu. Nisimwambie Baba.

Jumapili, 12 Oktoba

Kwa wazazi, baada ya kanisa. Kuku wa kukaanga, majani ya koladi, ndugu wa sukuma wiki, yaliyochemshwa na shingo ya bata mzinga, mkate wa mahindi. Sikula vizuri. Mama akanitazama mara mbili. Huyu mama aliendesha basi la jiji miaka yote ya kazi yake, huku akiangalia kioo cha abiria. Humfichi kitu.

Baba alikuwa gereji, anang'arisha bampa kwa kitambaa. Akanisimulia tena, kana kwamba sijapata kusikia. Alivyorudi kutoka Vietnam na pesa zake za jeshi. Alivyoingia kwa muuzaji magari wa kwanza, Mzungu, nje ya mpaka wa jiji, akaonyesha Brigand nyekundu dirishani, na jamaa akamwambia, "Hilo halikufai, kijana. Mtu kama wewe nitakutafutia kitu cha kifamilia. Milango minne." Alivyotoka bila kuaga, akavuka mji mzima mpaka akapata aliyekubali kumuuzia.

Halafu ile nyingine: usiku wa theluji niliozaliwa mimi. Alivyomkimbiza Mama hospitali kwa Brigand, polisi nyuma, wakashindwa kumfikia. "Ungezaliwa njiani, Nita. Gari lile ndilo lililokuzaa."

Mama alikuwa mlangoni na fimbo yake. Hakucheka. Nyonga inamsumbua sana siku hizi. Kanisani leo aliletwa na jirani — gari la Baba limekuwa chini mno kwake.

Nilikuwa na neno mdomoni muda wote. Nikalimeza pamoja na chai ya barafu.

Jumanne, 6 Januari 2004

Leo pazia limeanguka. Moshi, muziki, kamera. Gari likazunguka jukwaani, jekundu — wamelipaka rangi ileile ya la Baba! Sikujua kuhusu rangi.

Nilikuwa bado ukumbini simu ilipolia. Baba alikuwa anatazama kwenye televisheni.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Nita. Niambie hawa watu wanatania."

"Hawatanii, Baba."

Nikasikia televisheni yake ikirudia maneno yaleyale niliyokuwa nayasikia ukumbini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Oktoba."

"Ukaja hapa kila Jumapili ukala mezani kwangu." Akapumua. "Yule muuzaji aliniambia nitafute milango minne. Miaka thelathini na kitu nimemcheka. Leo mwanangu mwenyewe ameniletea milango minne, na jina langu wameliandika nyuma."

Akakata. Jina langu, alisema. Sikumsahihisha.

Jumatano, 7 Januari

Hapokei simu.

Jumamosi, 24 Januari

Chama cha wenye Brigand kimekutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Mtakatifu Marko. Baba ndiye mwenyekiti tangu kianzishwe. Bwana Alonzo Tibbs, mweka hazina wao, ambaye alinisimamia ubatizo, amenipigia kunisimulia. Nadhani alinionea huruma.

Anasema Baba alihutubia kama mhubiri. Kwamba jina si stika ya kubandika kwenye kila chuma. Kwamba wengi wao waliambiwa gari lile si lao, wakalinunua hivyohivyo, na sasa kampuni inawagawia jina watu wanaokwenda kununua maziwa. Wakapitisha kanuni, mikono yote juu: mwanachama ambaye nyumbani kwake litalala gari hilo jipya, atatoka kwenye chama. Hata akiwa mwenyekiti, Baba akaongeza. Watu wakacheka.

Nikauliza kama alinitaja. Bwana Tibbs akasema, "Alisema ana binti pale kampuni. Akasema kila mtu anajitafutia riziki. Kisha akanywa maji, binti yangu. Alikunywa maji muda mrefu."

Nimelia kidogo. Basi.

Jumapili, 28 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mama alinipigia asubuhi na mapema. Jirani anaumwa, njoo unipeleke kanisani. Gari langu liko kwa fundi, nikaja na la kazini — ndiyo hiyo Brigand mpya. Nilifikiri niegeshe mbali kidogo ili Baba asilione. Mama akasema kwa simu, egesha mlangoni, siwezi kutembea kwenye barafu.

Baba alikuwa dirishani. Pazia likafungwa.

Nikashuka kumsaidia Mama kama kawaida: kushika mkono, kuzungusha miguu, kusukuma taratibu, maumivu, samahani Mama, samahani. Akaniondoa mkono. Akafungua mlango mwenyewe. Akageuka, akaketi. Akaingiza mguu mmoja, kisha mwingine. Mlango akaufunga mwenyewe.

Akakaa pale ameshika mkoba wake magotini, anatazama mbele.

"Mama, unaumia?"

"Hapana," akasema. "Hiyo ndiyo ajabu."

Tulipofika taa za barabara kuu akaanza kuongea. Sijawahi kumsikia akiongea vile.

"Baba yako anapenda kusimulia usiku uliozaliwa. Alivyokimbiza. Alivyowapoteza polisi. Amewahi kukwambia mimi nilikaaje?"

"Hapana."

"Siti ya mbele ilikuwa na betri na vifaa vyake, hakutaka kupoteza muda kuvitoa. Nikapita nyuma. Mjamzito wa miezi tisa, Nita, nikapita katikati ya siti na mlango kama nguo inayosokomezwa sandukuni. Kila kona nilijigonga kichwa. Nilimwomba Mungu vitu viwili: mtoto atoke salama, na gari lile liibiwe."

Nusura nipite taa nyekundu.

"Mungu alinipa kimoja," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Akasema, "Kwa sababu yule muuzaji alimdhalilisha baba yako, na gari lile lilimnyoosha mgongo tena. Nilimuona akirudi nalo. Mwanamume aliyetoka vitani hawezi hata kulala, akaja nalo kwenye kona anatabasamu. Ningesemaje kwamba linaniumiza?"

Kisha: "Na hajawahi kuniachia usukani. Hata mara moja. Mimi, niliyeendesha basi la abiria sitini kwenye theluji ya barabara ya Woodward!"

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikimtazama kama mtu nisiyemjua.

Ijumaa, 14 Mei

Mama ameagiza moja.

Naandika tena nione kama ni kweli. Mama ameagiza Brigand. Kwa pensheni yake ya basi, kwa jina lake, Odessa Pettway. Nyekundu. Alikwenda na jirani. Alinipigia kuuliza kama siti za kupashwa joto ni kitu cha maana au ni ujanja wetu wa kuuza.

Nikamwambia, Mama, kile chama. Ile kanuni. Baba ndiye mwenyekiti.

"Naijua kanuni. Alinisomea jikoni, anajivunia."

"Basi umemwambia?"

"Nitamwambia likifika."

"Mama!"

"Wewe ulinyamaza tangu Oktoba mpaka Januari," akasema. "Mimi nimenyamaza tangu wewe hujazaliwa. Hebu niachie wiki chache."

Nimekaa na simu mkononi baada ya yeye kukata.

Jumanne, 18 Mei

Kazini Craig amekuja na tabasamu. Mauzo ya mwanzo mazuri, anasema, na ajabu ni kwamba wanunuzi wengi ni wanawake waliopita sitini. Hakuna aliyetegemea. Akauliza kama nina maelezo yoyote.

Nikasema sina.

Jumamosi, 12 Juni

Naandika haya nikiwa kwenye ngazi za kibaraza cha wazazi, juu ya goti. Lazima niandike sasa hivi la sivyo kesho nitasema nimeota.

Leo chama kinakutana, saa nne. Baba huwa wa kwanza kufika, na huenda na Brigand yake. Saa tatu gari la kampuni ya mauzo likaleta la Mama. Nilikuwa jikoni. Mama akasaini, akawapa ahsante, akapokea ufunguo. Akashuka ngazi na fimbo yake, moja moja. Akaketi kwenye usukani. Akaliwasha, akalirudisha nyuma vizuri sana, akaliegesha likaziba mlango wa gereji.

Brigand ya Baba iko ndani. Haitoki.

Baba akatoka na shati lake la chama. Akasimama. Kama mtu aliyegongwa na mlango. Akatazama gari, akamtazama Mama ndani yake. Kisha akanitazama mimi. Tangu Januari ametazama juu ya kichwa changu tu, leo macho yakanifika.

"Ulijua?"

"Nilijua," nikasema. "Tangu Mei."

Nilidhani atacheka au atalia. Akakaa kwenye ngazi karibu nami. Kwa muda tukasikiliza injini.

"Haina sauti," akasema.

"Haina, Baba."

"Odessa!" akaita. "Sogeza gari, nina mkutano!"

Mama akashusha kioo. "Najua. Panda, nikupeleke."

"Nikifika na hilo wananifukuza. Kanuni ni yangu mwenyewe."

"Hata usipofika nalo. Litalala hapa leo, Lucius, na kesho pia. Umeshatoka tayari. Afadhali uwaambie mwenyewe kuliko Alonzo aje alione hapa."

Baba akageuka kwangu kama anayetafuta shahidi. "Unasikia?" Nikasema nasikia.

"Miaka yote hiyo," akasema polepole, si kwangu wala kwa Mama, "angeweza tu kuniambia." Mama akamsikia. Akasema, "Sasa nakwambia."

Hapo ndipo Baba aliposimama akaingia ndani. Nikadhani basi, amefunga mlango. Nikasikia kabati likifunguliwa, likifungwa. Ametoka amevua shati la chama. Amevaa lile jeupe la Jumapili, na kofia.

Yuko chini sasa. Amezunguka nyuma ya gari, amesimama penye jina, analisoma kama halijui. Amelifikia dirisha la Mama. Mkono wake mmoja uko juu ya paa. Hajaenda upande wa pili, ule wa abiria. Mama anamwambia jambo, sauti ya chini, siisikii kutoka hapa. Injini inaunguruma, au nadhani inaunguruma, huwezi kujua na gari hili.

Baba anavua kofia. Anainama dirishani amsikie vizuri —